Miguu Mlangoni

"Mgongo," alisema daktari Kabanda kwa mara ya tisa, na kalamu yake ilikuwa imeshaandika kabla mdomo haujamaliza.

Nabintu alikuwa amesimama. Kiti kilikuwepo, ila ni miezi mingi sasa tangu alipoacha kukaa kwenye kiti kigumu. Makalio yake upande wa kushoto yalikuwa yakiwaka moto kutoka ndani. Moto ulishuka nyuma ya paja, ukapita nyuma ya goti, ukatokea upande wa nje wa mguu hadi kidole kidogo cha mwisho. Haya alikuwa ameyaeleza mara nane katika chumba hikihiki. Mara hii ya tisa alikuja na neno jipya, neno ambalo alikuwa amelilalia wiki nzima akilitafutia ujasiri, na sasa badala ya kulisema alikuwa akilitazama pazia la mlango. Lilikuwa limechanika katikati. Nje ya tundu kulikuwa na mabenchi mawili yaliyojaa watu, na nusu yao walikuwa waumini wa kanisa lake.

"Dogteri," alinong'ona, "kuko ingine kitu. Fasi ya kukalia... sisikie tena. Ni kama haiko yangu. Na mara mukojo..."

"Sema kwa nguvu, mama! Mimi hapana sikia."

Kule nje mabenchi yote mawili yakanyamaza. Hata mtoto aliyekuwa akilia alinyamaza, au pengine mama yake alimziba mdomo ili naye asikie.

"Ni muguu tu," alisema Nabintu. "Muguu inauma."

"Haya, inua nguo, naona hiyo mguu."

Aliinua kitenge. Kabanda aliinama, akatazama, kisha akacheka kicheko cha mtu aliyepata cha kusimulia. Nyuma ya mguu wa Nabintu, kuanzia juu kabisa, palikuwa na chanjo ndogo ndogo za wembe, mbili mbili, nyeusi kwa dawa iliyosuguliwa ndani, zimeshuka mpaka kwenye kifundo.

"Banange! Kuja kuona! Hii mama walimchora kama barabara ya Masaka!"

Pazia likafunuliwa. Muuguzi alichungulia, na nyuma ya muuguzi vichwa vingine vitatu. Nabintu aliachia kitenge kikaanguka.

"Nyinyi wakimbizi mimi najua," Kabanda aliendelea huku akiandika vidonge vilevile vya mara nane. "Mchawi asubuhi, kliniki mchana. Nataka medikali keisi ya kupelekwa ng'ambo. Nataka ndege. Mgongo yangu, mguu yangu, Amerika yangu."

"Dogteri, mu elfu mbili na kumi balinitibu kansere ya kizazi, kule Kampala. Karatasi yake njo hii."

"Naona. Hapa naandika imepona. Kansa iko kwa tumbo, nyabo. Kansa hapana tembea na miguu."

"Basi unipe ile karatasi ya kwenda hospitali ya Mbarara."

"Karatasi ya Mbarara," alisema Kabanda, akiitia kalamu mfukoni, "iko ya wagonjwa."

Wakimbizi wa kambi ya Nakivale waliijua methali ya mwenye nguvu mpishe kabla hata ya kuvuka mpaka. Nabintu alimpisha. Alipita mbele ya mabenchi huku akiburuta mguu, na mtu mmoja, hakujua nani, akasema "barabara ya Masaka" na wengine wakacheka kwa pua. Alifika nyumbani bila kulia. Kilio kilikuwa kimegeuka kitu kingine ndani yake, kigumu, na kitu hicho hakikumtoka tena.

*

Zile chanjo zilikuwa kazi ya Kanyange, jirani yake, kikongwe mwenye ulimi mkali na jicho moja lenye ukungu. Kanyange hakuwa mpiga ramli, wala hakuuliza jina la ugonjwa wala nani kakuroga. Alikuwa na kanuni moja aliyorithi kwa mama yake: wembe haukati mahali ambapo mgonjwa hajaonyesha. Humlaza mgonjwa kifudifudi, humpa kidole chake mwenyewe kuwa kiongozi, na kidole kikisimama, wembe unagusa. Kidole kikisema hapa hapana, wembe unapita.

"Weka kidole fasi inaumia, haiko fasi unafikiri inaumia," ndivyo alivyomwambia Nabintu siku ile. Na Nabintu aliweka, pole pole, kuanzia ndani ya makalio hadi kidole kidogo cha mguu, kwa aibu, bila kuruka hata kituo kimoja.

Dawa haikusaidia kitu. Mume wake Appolinaire, mlimaji wa maharage na kiongozi wa kwaya, alikasirika alipoziona.

"Pasta akijua, atanitosha mu kwaya, anifukuze."

"Akutoshe," alijibu Nabintu. "Pasta haumwe muguu."

Lakini jioni ile ya mara ya tisa, Nabintu alipomweleza juu ya pazia, na kicheko, na barabara ya Masaka, Appolinaire hakusema neno juu ya pasta. Alisimama, akachukua panga, akaliweka chini, akalichukua tena. Binti yao Eliane, msichana wa miaka kumi na tisa, alimshika mkono.

"Papa, ukimukata, njo bataandika kama wakimbizi ni bauaji. Atakuwa ameshinda mara mbili."

"Sasa tufanye nini?"

Jibu lilikuja kwa lori. Muzafaru, mfanyabiashara wa Nyamityobora, mjini Mbarara, aliyenunua maharage yao kila mavuno, alifika asubuhi iliyofuata kupakia magunia. Alimkuta Nabintu amelala kwa ubavu juu ya turubai la kuanikia maharage, akachuchumaa.

"Mama Eliane, iko nini?"

Appolinaire alimweleza. Muzafaru aliyekuwa mtu wa maneno mengi kwenye mizani alisikiliza kimya.

"Mimi iko na mtoto ya dada yangu," alisema mwishoni. "Zuhurah. Iko daktari kwa hospitali kubwa ya Mbarara, yeye nasoma mapicha. Karatasi ya huyo mjinga acha yeye akule. Panda juu ya maharage."

*

Daktari Zuhurah alikuwa mwanamke mwembamba, amejifunga hijabu ya kijivu, mwenye macho ya uchovu wa mtu anayetazama vioo vya picha za wagonjwa siku nzima. Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kufunga mlango. Nabintu aliuona mlango ule ukifungwa, wa mbao, usio na tundu, na ghafla akataka kusema yote. Akasema: ganzi ya mahali pa kukalia, mkojo unaotoka bila ruhusa, moto ambao haulali hata yeye akilala. Eliane, aliyekuwa pembeni, alikuwa hajayasikia hayo maisha yake yote.

"Lala kwa tumbo, mama. Pole pole. Mimi nangoja."

Daktari alipoinua kitenge, Eliane alirukia kuomba radhi. "Dogteri, utusamehe, hizi ni mambo ya bazee, siye hatu..."

"Ngoja kwanza."

Zuhurah hakucheka. Aliweka kidole kwenye chanjo ya kwanza, kisha ya pili. Alikwenda nazo, kituo baada ya kituo, mpaka kidole kidogo cha mguu, akarudi juu, akaanza upya.

"Nani nakata hizi?"

"Bibi moja wa kwetu."

"Yeye nasoma udaktari?"

"Hapana. Hajue hata kuandika jina."

"Sasa yeye najua namna gani kwenda hapa, halafu hapa, na hapa hapana gusa?"

"Mi njo nilimuonyesha na kidole," alisema Nabintu, uso wake ukiwa juu ya kitanda. "Fasi moto inapita, njo fasi alikata."

Daktari alimsaidia kushuka kitandani. Alimwomba asimame, ashike ukuta, anyanyuke kwa vidole. Mguu wa kulia ulinyanyuka. Wa kushoto ulitetemeka, kisigino kikakataa kuacha sakafu. Alimgusa kwa ncha ya pini huku na huku, na sehemu nyingine Nabintu hakujua kama ameguswa.

Walimwingiza kwenye mashine ya picha siku iliyofuata. Mchana Zuhurah aliwaita, akawaonyesha kioo chenye kivuli cha kijivu na cheusi.

"Mimi hapana ficha, mama. Kwa nyonga kuna neva. Hizo iko kama kamba, nabeba maumivu na nguvu, natoka kwa mgongo chini, napita ndani ya nyonga, naingia kwa mguu. Hii ya kulia, iko nyembamba. Hii ya kushoto..." Alipitisha kalamu juu ya kivuli kinene. "Nanenepa. Kutoka pale kizazi kilikuwa, mpaka hapa. Mtu akitafuta donge, hapana ona. Hakuna donge. Ugonjwa nashika neva, natembea ndani yake, kama mchwa ndani ya mti. Nje mti iko sawa."

"Ni ile kansere?"

"Iko ileile. Nitachukua kipande kidogo kwa sindano kuhakikisha. Lakini kama mimi sikuona hii mistari kwa mguu, mimi nilikuwa naangalia mgongo, kama wao kule kliniki waliandika. Hii mistari nilifuata kurudi juu, ndiyo nikajua pa kutazama." Alitabasamu kidogo. "Huyo bibi yako nachora neva bila kujua."

Nabintu alikitazama kile kivuli. Miezi kumi na minane walikuwa wamemwambia hakipo.

"Dogteri. Kama ningefika mara ya kwanza, mbele ya ugonjwa kunyooka mpaka mu muguu, ningepona?"

Zuhurah alikigeuza kioo kwanza, kivuli kisionekane.

"Tungefanya mingi zaidi," alisema daktari. "Sasa tutachoma kwa mionzi kule Kampala, maumivu ipungue. Nitakupa dawa ya maji ya nguvu. Wewe hapana lala tena na moto. Hiyo mimi naahidi."

"Na siku yangu imebakia ngapi?"

"Mwaka. Mungu akipenda, zaidi kidogo."

Kipande cha sindano kiliitikia vilevile: ilikuwa kansa ileile. Kansa haitembei na miguu, alikuwa amesema Kabanda. Mdharau mwiba mguu huota tende. Ila hapa mwenye kudharau alikuwa mmoja na mguu ulikuwa wa mwingine, na hilo ndilo Nabintu hakuweza kulimeza, wala kwa dawa ya maji wala kwa sala.

*

Barua ya daktari Zuhurah juu ya ugonjwa huo na zile mara tisa ilikuwa ya kurasa mbili. Nakala yake ilifika kwenye shirika lililomwajiri Kabanda, na wiki tatu baada ya Nabintu kurudi kutoka kwenye mionzi, watu wawili wenye vizibao vya shirika walikuja na fomu ya malalamiko. Wakisaini, walisema, Kabanda ataondolewa.

"Aondolewe aende wapi?" aliuliza Nabintu.

Walitazamana. Kwa kawaida, mmoja alisema, mfanyakazi huhamishiwa kituo kingine. Labda huko Ngarama.

"Muniachie iyo karatasi. Nitawaza."

Siku ya pili Kabanda mwenyewe akaja, kwa miguu, na kilo mbili za sukari ndani ya mfuko mweusi. Alisimama uani akimtafuta mtu wa kumkaribisha. Hakuna aliyemkaribisha. Appolinaire aliendelea kupukuchua maharage, na maharage yakawa yanaruka mpaka kwenye viatu vya mgeni.

"Mama Eliane," alisema Kabanda, "mimi iko na watoto wanne. Mimi naona wagonjwa mia moja kwa siku. Mtu nakosea."

"Mara moja ni kukosea," alisema Nabintu kutoka kwenye mkeka. "Mara tisa ni nini?"

Kabanda alitazama sukari yake.

"Ulifunua pazia," alisema Nabintu. "Mi nilikuletea kifo yangu mu mikono, wewe ukaita bantu bacheke. Chukua sukari yako. Watoto bane bainywe mu chai."

Alipoondoka, Appolinaire alileta fomu na kalamu mbio. "Saini, mama. Tumalize huyu mbwa."

"Sisaini."

"Unamusamehe?" Appolinaire alikuwa kama amepigwa kofi. "Wewe?"

"Nimusamehe juu ya nini? Wakimutosha hapa, atakwenda Ngarama. Kule kuko bamama. Atabaambia mgongo, mgongo, na mi sitakuwako. Atanisahau mbele ya miye kuingia mu shimo." Alijigeuza kwa taabu akalalia ubavu mzuri. "Hapana. Akae hapa, fasi naweza kumuona. Na yeye anione."

*

Kule walikotoka Nabintu na mumewe, mtu haruki miguu ya mtu aliyelala, sembuse mgonjwa. Ukiiruka umebeba kilicho chake, hata ugonjwa wake. Wanyankole, wenyeji wa huku, nao hawairuki. Kabanda, pamoja na koti lake jeupe, alikuwa amezaliwa na kulelewa na mama aliyemfundisha hivyohivyo.

Jumanne ya kwanza Eliane alimsukuma mama yake kwa baiskeli mpaka kituoni kabla ya saa mbili. Nabintu akatandika mkeka kwenye veranda, akalala kwa ubavu mbele ya mlango wa Kabanda, akanyoosha miguu yote miwili kutoka mwimo hadi mwimo. Kitenge alikipandisha hadi gotini, chanjo zikaonekana. Pembeni aliweka chupa ya dawa na kikombe. Chumba kile kilikuwa na mlango mmoja tu, na dirisha lenye nondo.

Kabanda alifika akasimama.

"Mama, nyinyi nafanya nini hapa?"

"Miye mugonjwa. Niko nangoja kalamu yako."

"Sogea, mimi napita."

Hakusogea. Mabenchi yalikuwa yameshajaa, na safari hii pia yalinyamaza. Kabanda aliinua mguu mmoja, akauona mguu wake ukining'inia juu ya zile chanjo nyeusi, akaurudisha chini. Aliuinua tena. Akaurudisha. Aliita askari wa lango amhamishe; askari alikuja, akaitazama miguu, akasema yeye pia ana watoto, akarudi langoni kwake.

"Mama," alisema Kabanda hatimaye, kwa sauti ndogo, "naomba njia."

"Sema kwa nguvu," alisema Nabintu. "Mi sisikie."

"Naomba njia!"

Ndipo Nabintu alipoikunja miguu. Aliikunja pole pole, wa kulia kwanza, halafu wa kushoto kwa mikono miwili, kama mtu anayeinua gogo, huku daktari wa mgongo amesimama juani. Kabanda aliingia. Alipotaka kwenda chooni, aliomba njia. Alipotoka kula, aliomba njia, na aliporudi tena. Mara sita siku ile, mabenchi yalihesabu. Nabintu alirudi Alhamisi, na Jumanne, na Alhamisi. Wiki ya pili Kabanda alipigilia pazia jipya, zito, la buluu. Wiki ya nne alikuwa amekonda. Pasta alikuja kumwambia Nabintu kwamba kisasi ni cha Bwana. Nabintu alimjibu kwamba Bwana ana mambo mengi, yeye anamsaidia kidogo. Nisikufiche, msomaji: alikuwa akifurahi. Mwili ulikuwa ukimwishia, lakini Jumanne na Alhamisi aliamka mapema kama bibi harusi.

Mwezi wa tatu alikuja mwanamke wa Ngarama aitwaye Kampire, mwenyeji, mke wa mchunga ng'ombe. Alikaa mwisho wa benchi. Nabintu, kutoka chini pale mkekani, aliona kitu ambacho wengine hawakukiona: Kampire alikuwa amekalia upande mmoja tu.

"Mama," alimwita. "Kuja hapa. Ukae kwa ubavu, hivi. Onyesha na kidole fasi inaumia."

Kampire alitazama kushoto na kulia, akashuka mkekani. Kidole chake kilianza nyuma juu, kikashuka, kikapita nyuma ya goti, kikatokea nje ya mguu. Nabintu alikiona kinakuja kwenye kifundo na moyo wake ukapiga kwa nguvu, kwa kuwa alijua kituo kinachofuata. Kidole kikaenda palepale.

Alimvuta karibu, akamnong'oneza sikioni, mdomo ukigusa shuka lake. Swali la kwanza Kampire aliitikia kwa kichwa. La pili pia. La tatu, juu ya damu, alianza kulia bila sauti, mikono imefunika uso.

"Kabanda!"

Hakumwita dogteri. Pazia la buluu lilifunuliwa.

"Chukua kalamu. Ile karatasi ya Mbarara. Ukae hapa chini."

Na Kabanda, mbele ya mabenchi mawili, alichuchumaa kando ya mkeka, karatasi juu ya goti. Nabintu alimtajia kwa sauti ya chini kabisa, wao watatu tu wakisikia: moto unaanzia wapi, unapita wapi, unaishia wapi, mahali pa ganzi, damu. Kabanda aliandika yote. Alipomaliza, Nabintu alisema:

"Sasa ya mwisho. Andika: haiko mgongo. Na hiyo uisome kwa nguvu."

"Mama..."

"Benchi hapana sikia."

Kabanda aliinamia karatasi. "Haiko mgongo," alisoma.

"Tena."

"Haiko mgongo!"

Lori la Muzafaru lilikuwa barabarani likipakia. Eliane alikuwa ameshakimbia kulisimamisha. Kabanda aliingia ndani kupiga muhuri, akarudi mlangoni na karatasi mkononi. Alikuta miguu imenyooka. Alitazama chini, na macho yake yalikuwa na maji.

"Mama Eliane. Sasa mimi na wewe, tumemaliza?"

Nabintu aliinua kichwa. Aliiona karatasi, akauona wino haujakauka, akaikunja miguu yake upesi kuliko alivyowahi kuikunja tangu mwaka ule uanze, mpaka maumivu yakampiga na akauma kitenge. Kabanda akapita mbio, akaenda kumpandisha Kampire juu ya magunia kwa mikono yake mwenyewe.

Aliporudi, mikono mitupu, aliikuta imenyooshwa tena, kutoka mwimo hadi mwimo.

Alisimama juani.

"Naomba njia," alisema.